Chupa ya Damu na Punje Mbili za Kahawa

Hospitali ya Masista
14 Februari 1954

Kwa mwenzangu wa mkeka, Joviana,

Tumsifu Yesu Kristo. Ukiisha kujibu kwa sauti, kaa chini. Nakuandikia Kiswahili kama tulivyozoea, ili mama mkwe wako akitaka kusomewa asiambulie kitu ila jina lake. Mwambie Placidia anamsalimu sana.

Joviana, sipo nyumbani Mabira. Niliwaaga watu kwamba nakwenda kumsaidia dada yangu kuvuna maharage. Uongo mtupu, nimekwisha kuungama. Nipo huku hospitalini, kitanda cha karibu na dirisha.

Tangu kabla ya Noeli nilikuwa na kitu ndani ya titi la kushoto, kigumu kama kahawa iliyokauka na ganda lake. Hakikuuma, basi nikakificha. Nilifunga nguo juu juu, nikaacha kuoga mtoni na wenzangu. Lakini unamjua Kahigi, mume wangu: mtu anayemtambua ng'ombe mgonjwa kwa kutazama masikio yake, atashindwaje kunitambua mimi? Siku moja aliniambia, "Mama Elpidius, unabeba mtungi kwa upande mmoja. Kesho tunapanda lori."

Sista Daktari amenishika, amenipima, kisha amelitaja jina lake waziwazi: saratani. Lazima titi likatwe lote, pamoja na tezi za kwapani. Nilimwambia nimenyonyesha watoto sita kwa titi hilo. Akasema, "Basi limemaliza kazi yake vizuri, tuliage." Nilitaka kukasirika, nikajikuta nacheka.

Sasa ombi. Huku kila mgonjwa huwa na mtu wake wa kumpikia na kumfulia. Binti zangu wote wananyonyesha, na Kahigi hajui ndizi inageuzwaje chunguni. Njoo wewe. Tulilala mkeka mmoja pale misheni tulipokuwa tunasoma ubatizo, ukanikanyaga usiku kucha msimu mzima wa mvua. Njoo unikanyage tena.

Na lingine ambalo namwambia Mungu kila siku. Pombe ya rubisi ya uchumba wa Elpidius wangu na Deodatha wako tumekwisha kuinywa, na ndoa ni baada ya Pasaka. Sijaomba miaka mingi. Nimeomba nimwone Deodatha akiingia mlangoni kwangu. Nikishaona hilo, Mungu atafanya apendavyo.

Ni mimi,
Placidia Kemirembe


Chonyonyo, Karagwe
21 Machi 1954

Kaka yangu Projestus,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Nimerudi nyumbani juzi kutoka kumwuguza Placidia. Mama mkwe alianguka jikoni wakaniita. Kumbe ameteguka kidogo tu, na sauti yake ni nzima kabisa. Nakuandikia wewe kwa sababu ni mkubwa wangu na ni mwalimu wa dini, na hapa nyumbani hakuna ninayeweza kumwambia.

Walimkata titi salama. Siku za kwanza alikaa akinywa uji na kuwacheka wagonjwa wenzake. Ikafika adhuhuri moja, alikuwa ananisimulia habari za padre aliyekimbizwa na nyuki, akakatika katikati ya neno. Nikamtazama, bandeji ilikuwa nyekundu hadi kiunoni. Jeraha lilikuwa limefumuka kwa ndani. Nikapiga kelele, sikujali kwamba ni hospitali.

Sista Daktari akatoka akasema anataka watu wa kutoa damu, upesi. Walikuwepo binamu wawili wa Kahigi walioleta maziwa. Waliposikia neno damu wakasema wanakwenda kufunga ndama. Kaka, hospitali ina ndama gani? Tulibaki wachache. Alikuwepo na karani mmoja Mlutheri wa Muleba, jina lake Egbert, ambaye mkewe alikuwa amejifungua. Alijitolea mwenyewe, akavua kofia kama anayeingia kanisani. Wakatuchoma vidole, wakapeleka damu zetu kuzipima. Sista akarudi akaniambia, "Mama, damu yako inafaa sana. Itaokoa mtu."

Wakanilaza nyuma ya pazia. Upande wa pili alikuwa Placidia, na pembeni yake mwanamume aliyepigwa pembe na fahali, ananguruma kama fahali mwenyewe. Nilimwona Kyomugisha, nesi mmoja mrefu, anapita na chupa yangu ameiinua juu kama mshumaa wa Pasaka. Jioni Placidia akafumbua macho, akaniuliza kama maharage nimeyatia chumvi. Nililia hadi kamasi.

Furaha hiyo ilinichukua mpaka kwenye lori la kurudi. Hapo ndipo wazo liliponijia, na tangu hapo halijaniacha. Kaka, unamkumbuka baba na mzee Rugemalira. Walivyofanya omukago: kahawa moja imepasuliwa, punje mbili, wakachanja karibu na kitovu, kila mmoja akapaka punje yake damu, wakabadilishana wakameza. Kuanzia siku ile watoto wa Rugemalira walikuwa ndugu zetu kabisa, na kuoana nao ilikuwa sawa na kuoana ndani ya nyumba. Wao walionja tone moja. Mimi nimempa Placidia chupa nzima.

Je, Deodatha na Elpidius si kaka na dada sasa? Padre sijamwuliza. Ni mtu wa Ulaya. Atacheka kwanza, halafu atahuzunika kwamba bado tunayo mambo hayo vichwani. Nijibu wewe.

Mdogo wako,
Joviana


Kaisho
2 Aprili 1954

Dada yangu Joviana,

Milele, amina. Marahaba.

Nimefundisha katekisimu tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi, na jibu la swali lako sikulikuta humo. Kwa hiyo nakujibu kama mtoto wa baba yako.

Wewe ulikuwa mdogo, hukujua. Mimi nilimpenda binti wa mzee Rugemalira, yule mkubwa. Naye alinipenda. Baba aliposikia hakunipiga. Alinipeleka nyuma ya nyumba, akafunua tumbo lake, akanionyesha kovu. Akasema, "Ukimwoa huyo, umeoa hapa." Nikaacha. Akaolewa upande wa pili wa mto, nami nikamwoa shemeji yako, na sijutii. Lakini Joviana, unaponiuliza kama damu ile ni kitu au si kitu, elewa unaniuliza nini. Ikiwa si kitu, mimi nilinyang'anywa bure.

Ushauri wangu ni kuuvunja uchumba, taratibu, bila kelele. Na mgonjwa usimwambie sababu mpaka apone. Akijua kwamba kupona kwake kumemgharimu mwanawe mke, ataona heri angekufa. Mtu wa kidonda hapewi mzigo kama huo.

Unayemsema kapigwa pembe namfahamu, ni Felisiani wa hapa Kaisho, mnunuzi wa ngozi. Nimemtoa darasani kwa ulevi hata nimesahau ni mara ngapi. Alikuwa anamtania yule fahali. Hata hivyo mwombee, ni kiumbe wa Mungu, ingawa mwenyewe hajitambui.

Kaka yako,
Projestus


Chonyonyo
Jumapili ya Matawi, 11 Aprili 1954

Mwenzangu wa mkeka,

Tumsifu Yesu Kristo. Leo tumeandamana na matawi, mvua ikatunyeshea hadi padre akafupisha. Maharage yameota vizuri. Mama mkwe ametembea, hivyo usihangaike tena kumwombea, atatumaliza sisi sote.

Mkono wako vipi? Sista alisema uulaze juu ya mto, usining'inie. Usibebe kitu. Najua unambebea maji yule bibi wa kitanda cha pili, acha. Nakutumia ndizi na nyanya chungu kidogo kwa dereva wa lori.

Placidia, kuna neno jingine. Tumekaa hapa nyumbani tukaona habari ya ndoa ya watoto tuiache. Elpidius hana kosa lolote, ni kijana mwema, wote hapa tunampenda. Nakuomba usiniulize. Yule ng'ombe wa posa mume wangu atamrudisha kabla ya Pasaka.

Wewe pona tu. Pona kwanza.

Mwenzako,
Joviana


Hospitali ya Masista
3 Mei 1954

Kwa Mama Deodatha,

Salamu. Ng'ombe amefika. Kahigi alikuja kuniambia, akasema alimpokea kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto aliyekufa njiani. Aliuliza watu wenu kuna nini, wakatazama chini. Ndama aliyezaliwa huko kwenu mmemleta pia, kwa uaminifu wenu mkubwa. Asante.

Umesema nisiulize, siulizi. Mimi si mtoto. Huku wodini wanawake wanasema ugonjwa wangu hupita kutoka kwa mama hadi kwa watoto, na mtu mwenye akili hapeleki binti yake kwenye nyumba kama hiyo. Niliposikia niliwaambia, "Joviana si mtu wa hivyo. Amenisafisha kidonda kwa mikono yake." Nikawagombeza kweli. Siku iliyofuata ikaja barua yako.

Sikulaumu. Ningekuwa na binti mmoja tu aliyebaki, pengine ningeogopa kama wewe. Lakini ungeniambia usoni. Ulikaa kitandani kwangu ukinichana nywele, kumbe unahesabu hatari. Na kama si ugonjwa, basi ni yale ya zamani, kwamba nyinyi ni watu wa migomba na sisi ni watu wa kufuata mikia ya ng'ombe. Nilidhani tuliyazika pale misheni.

Elpidius haulizi kitu. Anafundisha shule yake, anarudi, anakaa. Jana alikuja kuniona akaniletea sabuni. Nikamwambia, mwanangu, nisamehe. Akasema, "Kwa nini, mama?"

Kidonda kimeanza kutoa usaha tena. Mkono umevimba kama shina la mgomba, kidole hakikunjiki. Kila siku wananidunga ile sindano nyeupe kama maziwa. Sista anasema nisitoke mpaka amalize dawa, sumu isije ikaingia kwenye damu. Lakini nimemwambia Kahigi aje Jumamosi ya wiki ijayo anichukue. Niliyekuwa namngojea haji tena mlangoni kwangu. Kidonda kikitaka kupona kitaponea Mabira, nikiwanusa ng'ombe wangu. Kisipotaka, pia ni Mabira.

Mkeka ule wa misheni ulikuwa mwembamba. Nadhani ndiyo sababu tulidhani tuko karibu.

Placidia Kemirembe


Chonyonyo
9 Mei 1954

Placidia, Placidia,

Barua hii nimemkabidhi dereva wa lori mkononi, nikamwapisha kwa Mwaka wa Mama Maria kwamba haitalala njiani. Ukiipata, mwambie Kahigi arudi na lori bila wewe. Soma kwanza.

Nilipofika pale pa mkeka katika barua yako, nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa kati ya migomba. Deodatha akanifuata. Mtoto huyu tangu Pasaka hasemi, analima tu, shamba lote amelilima mara mbili kama kuna mtu amezikwa humo. Akaniuliza, "Mama, amekufa?" Nikamwambia hapana, lakini mimi ndiye ninayemwua. Akasema, "Basi acha." Kwa urahisi hivyo. Ndiyo nimeacha.

Sikuogopa ugonjwa wako. Ningeuogopa ningekula masalio ya uji wako? Na habari ya ng'ombe na migomba, shika adabu yako, baba yangu mwenyewe alichanjiana na mfugaji.

Hilo ndilo lenyewe. Siku ile ulipokatika ukisimulia habari za nyuki, damu yako ilikuwa imekwisha. Walitafuta damu ya mtu. Nimekupa yangu, Placidia. Chupa nzima, nimeiona kwa macho. Wewe hukujua kitu, ulikuwa mweupe kama shuka. Nilifurahi sana. Kisha njiani nikakumbuka omukago, nikakumbuka watoto. Nikamwuliza kaka Projestus, akanijibu kama baba angejibu. Tukaona ukiambiwa utasema, heri ningekufa mwanangu akaoa. Na ungesema! Nakujua, ungeing'oa hiyo bandeji mwenyewe.

Basi nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kumekuwekea usaha kidondani. Mimi si mwerevu, mwenzangu. Nilitaka nikufiche mzigo, nikakutwisha mkubwa zaidi.

Sasa umejua. Watoto watalia, watapoa, ni vijana. Lakini wewe huna ruhusa ya kutoka huko. Damu iliyomo mwilini mwako sehemu ni yangu, nami sikuitoa ikaoze Mabira. Ukitoka kabla Sista hajasema, umeimwaga. Laza mkono juu ya mto. Kubali sindano. Ukishapona njoo unitukane, nitakaa chini nikusikilize mpaka uchoke.

Ndugu yako, kwa sababu sasa ndivyo tulivyo,
Joviana


Hospitali ya Masista
23 Mei 1954

Mwenzangu wa mkeka, tena nasema mwenzangu wa mkeka,

Tumsifu Yesu Kristo! Ukishaisoma barua hii, andaa kamba ya kumfungia yule ng'ombe wa posa, anarudi kwenu. Simulizi ni ndefu, nivumilie, mkono unaoandika ni ule mzima.

Barua yako ilinikuta nimeshafunga mzigo. Kahigi yuko mlangoni, kofia mkononi. Nikaisoma, nikamsomea. Akasema, "Fungua mzigo." Nikafungua. Nikalala, nikampa Kyomugisha mkono wa sindano kabla hajauomba. Nilikaa siku kadhaa hivyo, nikijitazama mishipa. Nikajiambia, ndiyo maana siku hizi natamani ndizi kuliko maziwa. Ndiyo maana naongea usingizini. Nilikuwa na huzuni ya watoto, siwezi kukuficha, lakini chini ya huzuni kulikuwa na kitu kingine. Nilikuwa nimetulia. Nilijua sina aliyenikimbia.

Homa ikashuka. Usaha ukaanza kukauka. Asubuhi moja Kyomugisha ananibadilishia bandeji, nikamwambia, "Mwanangu, unapofuta hapo futa kwa heshima, hiyo si damu yangu peke yangu, ni ya rafiki yangu Joviana."

Akasimama na pamba mkononi. "Joviana yupi, mama?"

"Yule aliyekuwa ananiuguza. Mwenye sauti."

"Yule? Damu yake hukupewa wewe."

Nikamwambia asinitanie, kidonda kibichi. Akasema, "Mama, kwani damu ni uji, kila mtu anywe wa yeyote? Tulipozipima, yake na yako zilikataana, ziligandana kwenye kigae kama maziwa yaliyochacha. Ungepewa hiyo, ungekufa siku ile ile. Ya Joviana ilimfaa yule mnunuzi wa ngozi aliyepigwa pembe. Wewe ulipewa ya karani wa Muleba."

Joviana, nilimshika mkono nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia amwite Sista. Sista akaja na miwani yake, nikamweleza yote, kahawa, kitovu, watoto, ng'ombe aliyerudishwa na ndama wake. Alisikiliza hadi mwisho, hakucheka. Akasema, "Nilimwambia damu yake itaokoa mtu. Sikumwambia ni nani. Nisameheni." Kisha akaniuliza kama huyo mchumba bado yupo. Nikasema yupo, analima. Hapo ndipo akacheka, akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo halifanyi.

Basi yakaenda wodi nzima. Egbert alipokuja kumpima mtoto wake, wakamleta kwangu. Mwanamume mwembamba, mpole. Akasema, "Shikamoo mama. Je, umeanza kuimba tenzi zetu?" Nikamwambia nilijiuliza kwa nini napenda kuimba kwa sauti nne. Watoto wake wote ni wadogo na hawana habari na Elpidius, kwa hiyo hata wewe na kaka Projestus hamna la kuniuliza hapo. Lakini padre asiambiwe haraka kwamba mshipa wangu mmoja ni Mlutheri.

Nikueleze jambo moja ambalo sijamwambia hata Kahigi. Nesi alipokwisha kwenda nilifurahi hadi nikapiga vigelegele, bibi wa kitanda cha pili akadhani naona malaika. Kisha nikageukia ukutani nikalia kidogo. Kwa ajili yako. Nilikuwa nimeanza kuizoea damu yako.

Sista anasema kidonda kimekuwa chekundu kizuri, nyama mpya. Mkono utabaki na uvimbe, pengine maisha yote, lakini vidole vinakunjika. Jana nimeshika kikombe. Wameniangalia kwapani na shingoni, hawakuona kingine. Ameniruhusu nitoke baada ya Pentekoste, kwa miguu yangu.

Elpidius alikuwa hapa nilipoamua kumwambia. Alisikiliza, akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga. Nikaona nimeharibu. Kahigi akachungulia dirishani, akasema, "Anakimbia kuelekea Karagwe. Mwalimu mzima, anakimbia." Kama hajafika kwenu, atafika.

Maneno yangu ya barua ile nyingine, yachome moto.

Wako,
Placidia


Chonyonyo
27 Juni 1954

Placidia, mwenzangu,

Milele, amina! Alifika. Alifika na viatu mkononi, matope hadi magotini, akasahau kunipa shikamoo, mwalimu wa watu. Deodatha alikuwa shambani. Nikamwonyesha kwa kidole tu. Nilichosikia ni jembe kuanguka. Baadaye alikuja jikoni akaniambia, "Mama, damu umempa mtu usiyemjua, na mchumba wangu ulimtoa bure. Safari nyingine uliza kwanza." Nimemwacha aseme. Ana haki.

Ng'ombe amerudi jana na ndama wake. Kijana wenu aliyemleta anasema ng'ombe huyo sasa anaijua njia peke yake, kwenye njia panda hageuzwi. Mume wangu ametamka mbele ya watu kwamba huyu hatoki tena hapa hata dunia ipasuke. Ndoa ni baada ya sikukuu ya Kupalizwa Mama Maria, padre amekwisha kutangaza.

Sasa sikiliza yaliyonipata mimi, ucheke lakini ushike kidonda. Jumanne iliyopita napepeta maharage, nikaona mwanamume anapanda kilima, anachechemea, anavuta mbuzi. Harufu ya ngozi ilitangulia. Akafika uani, akapiga magoti, akasema kwa sauti ya kuamsha kijiji, "Dada yangu!" Alikuwa Felisiani. Nesi alimwambia ni nani aliyempa ile chupa. Akatoa kitambaa mfukoni, ndani yake kahawa moja imepasuliwa, punje mbili. Akasema, "Damu yako ninayo tayari. Nimekuja kumalizia upande wa kahawa."

Nilitazama huku na huku. Mama mkwe akauliza huyu ni nani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimweleza jambo lote kwa lugha yake, tangu mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza, akasema, "Amekuja na mbuzi. Mkaribishe." Basi nikatafuna punje moja, naye moja. Kumchanja nilikataa, nilimwambia imetosha, nimekwisha kutoa. Akaapa mbele ya watu ataacha pombe. Akakaribishwa rubisi kwa heshima ya kiapo, akaikataa, akaomba maji. Mume wangu amestaajabu hadi leo.

Nikamwandikia kaka Projestus kwamba amepata ndugu. Ndugu wa omukago, na atakuja darasani kwake Jumapili kudai kiti cha mbele. Amejibu mstari mmoja: "Mungu ana mzaha." Chini yake, kwa kalamu nyingine, kama aliyeondoka kisha akarudi, ameandika: "Nimefurahi kwa ajili ya Deodatha. Mmoja wetu alipaswa kuoana na aliyempenda." Nimeikunja, nimeiweka katika kitabu changu cha sala.

Nikujibu na lile lako la kulia ukutani. Mimi pia, nilipomaliza kucheka, nilikaa kidogo. Nilikuwa nimejiona nazunguka ndani yako, nakulinda. Kumbe nilikuwa ndani ya Felisiani nanunua ngozi. Lakini nimewaza hivi: ingekuwa yangu, ungekufa. Wewe ukapona kwa sababu nilikuwa karibu na damu yangu ikakaa mbali. Yatosha. Wewe na mimi hatukuhitaji chupa.

Usisafiri siku moja na arusi. Tangulia, uje wiki moja kabla, Kahigi abaki na ng'ombe wake. Nimesuka mkeka. Safari hii nimeusuka mpana, kwa sababu una mkono wa kulazwa juu ya mto, na mto nao unataka nafasi yake. Mimi nitalala upande wa ukuta nisikukanyage.

Nikikukanyaga, utanisukuma. Kwa ule mkono mzima.

Ni mimi, yule yule,
Joviana